Rais akishika simu, nani ameshika kalamu?

Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukiwa umeingia mikononi mwa waasi wa M23 na wanajeshi wa Afrika Kusini wameuawa, Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini na Paul Kagame wa Rwanda walizungumza kwa simu. Ilikusudiwa kupoza mambo. Badala yake, baada ya muda mfupi marais hao wakawa wanabishana mbele ya dunia nzima kuhusu nini hasa walichoambiana. Waziri wa Ulinzi wa Afrika Kusini alisema rais wake alitoa onyo. Kagame akajibu kwenye mtandao wa X kwamba onyo hilo hakulisikia, labda kama lilitolewa kwa lugha ya kwao asiyoifahamu, na kwamba alichoombwa ni msaada ili wanajeshi wale wapate umeme, chakula na maji.

Wapo waliocheka, wapo waliokasirika. Lakini wachache waliuliza swali la msingi: ilikuwaje wakuu wawili wa nchi wazungumzie jambo la kufa na kupona bila kubaki na maandishi ambayo pande zote mbili zinayakubali?

Kila vita inaponukia, ushauri wa kwanza kutoka kwa wahariri, viongozi wa dini na wanadiplomasia wastaafu ni ule ule: viongozi wapigiane simu. Simu imekuwa alama ya busara, na ukimya wa simu umekuwa alama ya uhasama. Anayesema "waandikiane kwanza" huonekana mrasimu wa kizamani anayechelewesha amani kwa mihuri na bahasha. Nadhani mtu huyo haeleweki, na historia iko upande wake kuliko tunavyodhani.

Tuanze na simu nyekundu kati ya Washington na Moscow, ile ambayo kila mtu ameisikia. Haikuwahi kuwapo. Makubaliano yaliyotiwa saini Geneva tarehe 20 Juni 1963 yalihusu mashine za teleprinta, yaani za kupeleka maandishi kwa waya. Njia ilianza kazi 30 Agosti mwaka huo, waya ukipita London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki, na njia ya akiba ya redio ikipita Tangier. Upande wa Marekani mashine ziliwekwa Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi, wala si mezani kwa rais. Kila upande uliandika kwa lugha yake, tafsiri ikafanywa na mpokeaji. Usiku na mchana, kwa zamu ya saa kwa saa, mafundi walitumiana maandishi ya kujaribu mitambo: Wamarekani vipande vya Shakespeare, Wasovieti vipande vya Chekhov.

Sauti ingewezekana. Simu ya kuvuka Bahari ya Atlantiki ilikuwapo tangu 1927. Waliobuni njia ile waliikataa sauti kwa makusudi, kwa hoja kwamba neno la mdomo hueleweka vibaya kirahisi, mkalimani hufanya kazi chini ya shinikizo, na kiongozi aliyeulizwa swali hujiona analazimika kujibu papo hapo. Watu hao walikuwa wametoka kunusurika miezi michache tu kabla kwenye mgogoro wa makombora ya nyuklia ambayo Wasovieti waliyapeleka Cuba, kwa hiyo wakisema jambo kuhusu mawasiliano ya wakati wa hatari, tuwasikilize.

Hapa ndipo penye ile takwimu inayorudiwa kila mahali. Tarehe 26 Oktoba 1962 kiongozi wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, alimwandikia Rais John Kennedy wa Marekani barua ndefu, ya mtu mwenye wasiwasi, akilinganisha mgogoro na kamba yenye fundo la vita: kadiri kila upande unavyovuta, ndivyo fundo linavyokaza hadi lisifunguke tena. Ilichukua karibu saa 12 kwa barua hiyo kufika yote Washington, kutafsiriwa na kusomwa. Saa 12! Dunia iko ukingoni, na barua ya amani iko njiani. Anatoly Dobrynin, balozi wa Umoja wa Kisovieti mjini Washington, alikuja kusimulia kwamba telegramu zake zilichukuliwa ubalozini na kijana wa Western Union mwenye baiskeli, nao wakabaki kuomba tu asisimame njiani kupiga soga na msichana. Kutokana na hadithi hiyo watu wamejifunza kwamba polepole ni hatari na simu ndiyo dawa.

Lakini tuzitazame vizuri zile saa 12, maana ndani yake mna ucheleweshaji wa aina mbili tofauti kabisa. Kuna ucheleweshaji wa waya: kugeuza maneno kuwa namba za siri, kuyasafirisha, kuyarudisha kuwa maneno, kuyatafsiri, na ile baiskeli. Huo hauna faida kwa mtu yeyote. Na kuna ucheleweshaji wa fikra: mtu kuandika, kufuta, kumsomesha mwenzake, kulala nayo, na upande wa pili kusoma mara tatu kabla ya kujibu. Huo ndio uliotuokoa. Njia ya 1963 ilijengwa ili kuondoa wa kwanza na kulinda wa pili. Tunapoisifu kama mama wa simu zote za marais, tunaisifu kwa jambo ililolikataa.

Ushahidi uko kwenye siku iliyofuata. Tarehe 27 Oktoba Redio Moscow ilitangaza barua ya pili ya Khrushchev, ngumu zaidi, inayotaka Marekani iondoe makombora ya Jupiter kutoka Uturuki. Siku hiyo hiyo ndege ya upelelezi ya U-2 ilitunguliwa juu ya Cuba na rubani wake, Meja Rudolf Anderson, akafa. Washauri wa Kennedy walikuwa na barua mbili mezani, kando kwa kando: moja inalegeza, nyingine inakaza. Wakachagua kujibu ile ya kwanza. Ujanja huo unawezekana kwa karatasi tu. Kama zingekuwa simu mbili, ya pili ingeifuta ya kwanza. Huwezi kumwambia mtu uliyemsikia leo kwamba unajibu sauti yake ya jana.

Miaka mitano baadaye teleprinta ile ilipata mtihani wake. Asubuhi ya 5 Juni 1967, vita kati ya Israeli na majirani zake ilipoanza, ujumbe wa Alexei Kosygin, Waziri Mkuu wa Kisovieti, uliingia Pentagon, na katika siku zile sita karibu jumbe 20 zikapita. Tarehe 10 Juni Kosygin aliandika kwamba Israeli isiposimamisha mapigano, Moscow itachukua hatua, zikiwamo za kijeshi. Katika chumba cha dharura cha White House, Llewellyn Thompson, balozi wa Marekani mjini Moscow ambaye siku hiyo alikuwa Washington, aliombwa aukague ujumbe wenyewe wa Kirusi kuhakikisha kwamba tishio la kijeshi limo kweli. Akalikuta. Ndipo Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, alipopendekeza, na Rais Lyndon Johnson akaafiki, manowari za Kikosi cha Sita cha jeshi la majini la Marekani zielekezwe karibu zaidi na pwani ya Syria. Mapigano yalisimama siku hiyo. Sisemi karatasi ndiyo iliyoyasimamisha. Nasema tu kwamba kabla ya kusogeza manowari kulikuwa na mtu aliyepata nafasi ya kurudi kwenye maneno asilia na kuyasoma.

Upande wa simu nao una hoja zake, na baadhi ni nzito.

Iliyo nzito kuliko zote ni ya Beirut. Tarehe 12 Agosti 1982, baada ya mabomu ya Israeli kuunyeshea Beirut Magharibi kwa saa nyingi, Rais Ronald Reagan wa Marekani alimpigia simu Menachem Begin, Waziri Mkuu wa Israeli. Aliandika kwenye shajara yake kwamba alikuwa na hasira, kwamba kwa makusudi alitaja maangamizi ya Wayahudi, na kwamba alimwambia Begin uhusiano wa nchi zao uko hatarini. Dakika 20 baadaye Begin alipiga simu kusema ameamuru mashambulizi yakome. Hakuna barua ambayo ingefanya hivyo kwa dakika 20. Hasira ya kweli husikika kooni, na barua haina koo.

Mfano wa karibuni ni India na Pakistan. Tarehe 10 Mei 2025, saa tisa na dakika 35 alasiri kwa saa za India, mkuu wa operesheni za kijeshi wa Pakistan alimpigia mwenzake wa India, wakakubaliana kusitisha mapigano kuanzia saa 11 jioni. Kutoka simu hadi bunduki kunyamaza, muda wa kuangalia mechi moja ya mpira. Ila tazama nani waliozungumza. Walikuwa majenerali wa cheo kinachojulikana, kwenye njia ambayo imetumika kwa miongo kadhaa, juu ya jambo moja lenye saa yake. Wanasiasa walipoingia, mara moja tukarudi kule kule: Donald Trump akasema ni simu zake zilizoleta utulivu, New Delhi ikasema ni makubaliano ya wanajeshi wenyewe.

Halafu kuna Pearl Harbor, kambi ya Marekani huko Hawaii iliyoshambuliwa na Japani, na hapa wapenda barua tunapaswa kukaa kimya kidogo. Asubuhi ya 7 Desemba 1941 Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, alikuwa na onyo la kupeleka Hawaii, na ofisini alikuwa na simu inayovuruga sauti ili wadukuzi wasielewe. Hakuiamini. Onyo likatumwa kwa njia ya kawaida ya telegramu za kibiashara, likafikishwa na mpeleka barua wa pikipiki baada ya mabomu kudondoka. Woga wake haukuwa wa bure: baadaye Posta ya Ujerumani iliweza kusikiliza mazungumzo ya Churchill na Roosevelt kutoka kituo cha pwani ya Uholanzi, hata Wamarekani wakalazimika kubuni mtambo wa kuficha sauti za simu, wa takriban tani 50, ulioanza kazi 1943, upande wa London ukifichwa chini ya duka la Selfridges. Pamoja na hayo, siku ile Hawaii ilihitaji sauti, hata kama adui naye angesikia.

Ukiitazama mifano hii mitatu pamoja, simu ilifaa, au ingefaa, pale ambapo jambo la kusemwa lilikuwa fupi na limeshaamuliwa. Acha kupiga mabomu. Tunasimama saa 11. Mnashambuliwa, amkeni. Simu ni nyundo nzuri kwa msumari mmoja. Hata hapo, mwisho wa Beirut usisahauliwe: mashambulizi ya siku ile yalikoma, lakini mwezi uliofuata ukaleta mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina katika Sabra na Shatila. Na nyundo hupiga hewa pale mwenye kusikiliza ameshaamua. Jioni ya 1 Aprili 1982 Reagan alizungumza na Jenerali Galtieri wa Argentina kwa karibu dakika 50 akimsihi asivamie visiwa vya Falkland. Kesho yake majeshi yalitua. Tarehe 20 Februari 2022 Emmanuel Macron alimbana Vladimir Putin kwa muda mrefu, akapata ahadi ya kukubali kimsingi kukutana na Biden. Putin akamwambia kwamba alikuwa anakwenda kucheza mpira wa magongo wa barafuni. Siku nne baadaye vifaru vilivuka mpaka wa Ukraine.

Kinachonisumbua zaidi ni nini kinachoweza kuingia kwenye simu bila kuonekana. Usiku wa 11 Oktoba 1973, vita vya Oktoba kati ya Israeli na nchi za Kiarabu vikiwa vimepamba moto, ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Edward Heath, ilitaka kuzungumza na Rais Richard Nixon wa Marekani. Henry Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alimwambia msaidizi wake Brent Scowcroft kwamba alipozungumza na Nixon, rais huyo alikuwa amelewa. Heath hakuunganishwa usiku ule. Tunalijua hili kwa sababu Kissinger alikuwa na makatibu waliosikiliza simu zake na kuziandika, kwa hiyo hata siri hii ya simu imetufikia kwa karatasi. Fikiria kama wasaidizi hao wawili wangekuwa na haya zaidi, wakaunganisha tu.

Na aliye upande wa pili ni nani? Mwishoni mwa Novemba 2008, Mumbai ikiwa bado inafuka moshi wa mashambulizi ya kigaidi, Rais Asif Ali Zardari wa Pakistan alipokea simu ya vitisho ya mtu aliyejitambulisha kuwa Pranab Mukherjee, Waziri wa Mambo ya Nje wa India. India ilikana kwamba waziri wake alipiga. Iliripotiwa kuwa jeshi la anga la Pakistan liliwekwa tayari kwa vita kutokana na simu hiyo. Nchi mbili zenye mabomu ya nyuklia! Septemba 2023 Giorgia Meloni wa Italia alizungumza kwa kirefu na mtu aliyeamini ni mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, kumbe ni wachekeshaji wa Kirusi. Hilo lilikuwa la kuchekesha tu, na lilifanyika kwa kuigiza. Leo zipo programu zinazoiga sauti ya mtu kwa rekodi fupi, na sauti za marais zimejaa mtandaoni.

Hata wakiwa watu halisi, wameamka vizuri na wanapendana, kumbukumbu hugawanyika. Tarehe 27 Februari 1991 Colin Powell, mkuu wa majeshi ya Marekani, akiwa ofisini kwa Rais George Bush, alimpigia Jenerali Norman Schwarzkopf, kamanda wa vita vile aliyekuwa Riyadh, kumuuliza kama ana pingamizi vita vya Ghuba visitishwe. Schwarzkopf hakupinga. Vita vya ardhini vikafungwa kwa saa 100, na sehemu kubwa ya kikosi teule cha Saddam ikapona. Wiki chache tu baadaye Schwarzkopf alisema kwenye televisheni kwamba yeye alipendekeza waendelee. Waziri wa Ulinzi, Dick Cheney, akakanusha. Jenerali akaomba radhi. Hawa walikuwa jeshi moja, lugha moja, ushindi mmoja. Sasa weka wakalimani wawili katikati, na kumbuka kwamba tafsiri ya zamu kwa zamu hula karibu nusu ya muda, kwa hiyo "mazungumzo ya saa moja" ya marais ni nusu saa ya maneno, na kila mmoja amezungumza labda robo saa. Humo ndimo tunataka mpaka, wafungwa na dhamana za usalama vimalizwe.

Au maamuzi makubwa yafanyike humo humo. Desemba 2018 Trump alizungumza na Recep Tayyip Erdoğan kuhusu Syria. Maofisa walieleza baadaye kwamba rais alikubali kuondoa majeshi yake wakati simu bado iko hewani, tofauti na alivyoshauriwa kusema. Tangazo lilitoka tarehe 19, na tarehe 20 Waziri wa Ulinzi James Mattis akajiuzulu. Huenda kuondoka Syria lilikuwa wazo zuri. Wapo wengi wanaoamini hivyo, na mimi sioni sababu ya kuwabishia. Shida ni kwamba washirika waliokuwa wakipigana bega kwa bega na Wamarekani, pamoja na makamanda wa Wamarekani wenyewe, walilisikia kama habari.

Mtu atasema basi waandikiane ujumbe wa simu, ni maandishi pia. Machi 2025 wakuu wa usalama wa Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen kwenye kundi la programu ya ujumbe ya Signal, mhariri wa jarida la The Atlantic akiwa ameingizwa humo kimakosa, na baadhi ya jumbe zikiwa zimepangwa zijifute zenyewe. Hayo ni maandishi kwa umbo tu. Hakuna aliyeyakagua kabla hayajatumwa, na hayakukusudiwa kubaki. Teleprinta ya 1963 ilikuwa na thamani kwa sababu kati ya kiongozi na mashine palikuwa na watu wa kuuliza, "Mheshimiwa, hili tuliache hivi?"

Imebaki hoja moja ya wapenda sauti, na ndiyo inayonipa kazi kubwa. Mgogoro wa Cuba wenyewe haukumalizwa na barua peke yake. Usiku wa 27 Oktoba Robert Kennedy, mdogo wake rais na Mwanasheria Mkuu, alikutana na Dobrynin na kumpa kwa mdomo ahadi ambayo barua ya kaka yake haikuitaja: makombora ya Uturuki yataondolewa. Tarehe 29 Dobrynin alileta barua ya Khrushchev iliyoandika makubaliano hayo. Kesho yake Robert Kennedy akairudisha. Alikataa kabisa kuwa na karatasi ya namna hiyo. Kwa hiyo kuna mambo ambayo kiongozi anaweza kuyatoa kwa mdomo tu, na bila mdomo pengine tusingekuwa hapa.

Nakubali. Ila bei yake ililipwa. Makombora ya Jupiter yaliondolewa Uturuki kimyakimya mwaka 1963, na kwa zaidi ya miongo miwili Wamarekani wengi waliendelea kuamini kwamba Khrushchev alirudi nyuma bila kupewa kitu, kwamba ukikaza tu adui hulegea. Lyndon Johnson hakuwamo kwenye kikao kidogo kilichoafiki ahadi ile, na hapakuwa na karatasi ya kumwachia. Baada ya miezi 13 akawa rais, na vita vya Vietnam vikawa mikononi mwake.